Kumchezesha Kalunguyeye: Mwongozo wa Sonic 2 kwa Anayeanza

Kila alasiri watoto wakitoka chuoni, chumba changu cha mbele hapa Langoni, Lamu, hujaa. Kuna TV moja, mashine moja ya zamani ya Sega Mega Drive, na kaseti ambayo haikosi kuombwa: Sonic the Hedgehog 2, ya mwaka 1992. Na kila alasiri naulizwa yaleyale. "Ami, mbona nimekufa na pete ninazo?" "Ami, yule anazungukaje akiwa amesimama?" "Ami, mbona ndani ya maji muziki unabadilika?" Nimejibu kwa mdomo mpaka koo limekauka. Leo nayaandika, ili nawe uliye Malindi, Mombasa au Tanga, uliyepata kaseti hii au kuupakua mchezo kwenye simu, usianze gizani.

Mchezo huu umesifiwa kwa kasi, na sifa hiyo ndiyo inayowamaliza wageni. Anayeanza hushika mshale wa kulia asiuachie mpaka roho, yaani nafasi zake za kucheza, zimwishe. Nakuomba uende kinyume chake: ijue njia kwanza, ndipo ukimbie. Mahali ulipopajua, kasi itakuja yenyewe na utaifurahia.

Tusafishe na jina pia. Wengi humwita Sonic nungunungu. Nungunungu ni yule mkubwa mwenye miiba mirefu ya mabaka meusi na meupe. Huyu ni kalunguyeye, mdogo, anayejikunja kuwa mpira akiguswa. Nasisitiza kwa sababu mchezo mzima umejengwa juu ya kujikunja huko. Akijikunja ni silaha, akisimama wima ni kitoweo. Mwenzake Tails ni mbweha mwenye mikia miwili. Adui wao Dr. Robotnik huwafungia wanyama wadogo ndani ya roboti, na ukiivunja roboti utamwona mnyama akichupa nje na kwenda zake.

Vitu vya kuwa navyo

- Mashine na kaseti, au simu yenye toleo la mchezo huu. Kwenye simu vitufe viko juu ya kioo, kwa hiyo futa jasho la vidole kwanza.
- Padi (kishikio chenye vitufe) mbili, kama una mdogo wako anayetaka kushiriki. Nitaeleza kwa nini ni muhimu.
- Waya wa kuunganisha na TV. Kichwa cha njano ni cha picha, cheupe ni cha sauti.
- Saa moja au mbili bila kusumbuliwa. Kaseti ya asili haihifadhi mahali ulipofika. Ukizima, umeanza upya.
- Sauti iwe juu kiasi cha kusikika. Usicheze kimya; mchezo huu hukuonya kwa muziki.

Hatua kwa hatua

1. Chagua mchezaji mmoja, kisha usiende popote. Mchezo ukianza katika Emerald Hill, eneo la kwanza, simama pale pale dakika mbili ujaribu vitufe. A, B na C vyote vitatu ni vya kuruka, usihangaike kutafuta tofauti. Ukigusa kidogo anaruka kidogo, ukishikilia anaruka juu zaidi. Sasa kimbia hatua chache ubonyeze mshale wa chini: amejikunja na anaviringika. Rudia mpaka kidole kizoee, kwa sababu kuanzia sasa kila adui utamkabili ukiwa umejikunja, iwe kwa kuruka au kwa kuviringika. Ukimkimbilia kwa miguu, unaumia wewe.

2. Elewa kazi ya pete. Ukiwa na pete hata moja, pigo moja halikuui. Pete hutawanyika na wewe unabaki. Ukipigwa huna hata moja, roho imekwenda. Kwa hiyo pete moja na pete tisini zina kinga sawa, na hapa ndipo watoto wengi hukosea: wamepigwa, pete zimetawanyika, wanakimbia mbele kwa hofu. Simama. Okota moja au mbili kabla hazijapotea, kisha endelea. Pete 100 zinakupa roho ya ziada, na 200 nyingine tena.

   Lakini yako mambo manne ambayo pete haziyazuii: kutumbukia kwenye shimo lisilo na chini, kubanwa kati ya vitu viwili, kuzama, na muda kufika dakika 10 katika sehemu moja. Hili ndilo jibu la "mbona nimekufa na pete ninazo". Ndilo ninaloulizwa kuliko mengine yote.

3. Jifunze kufyatuka. Simama kabisa. Shikilia mshale wa chini, usiuachie. Ukiwa umeushikilia, bonyeza kitufe cha kuruka mara tatu au nne. Utamwona anazunguka papo hapo huku vumbi likiruka nyuma. Sasa achia mshale wa chini. Anatoka kama jiwe la manati, tayari amejikunja. Kosa la kawaida ni kuanza kabla hajasimama, hapo ataviringika tu. Kosa la pili ni kubonyeza kuruka kabla ya mshale wa chini, hapo ataruka. Mlima ukikushinda au kitanzi kikikurudisha, rudi nyuma kidogo, fyatuka. Huna haja ya kutafuta umbali mrefu wa kukimbilia.

4. Gusa kila nguzo ya nyota. Ni vijiti vyenye duara juu. Ukipita na kugusa, duara huzunguka, na ukifa utaanzia hapo. Nimeona watu wakiruka juu ya nguzo kwa haraka, kisha wanalia kurudishwa mwanzo. Visanduku vya TV navyo vivunje: kimoja kina pete 10, kingine ngao, kingine viatu vya kasi, kingine roho. Viatu vya kasi mgeni viache kama hujui mbele kuna nini.

5. Maliza Emerald Hill ukijifunza maadui. Kwetu minazi ni neema. Humu ukiona mnazi, tazama shina lake kwanza, kwani kuna nyani wa bati anayepanda na kushuka akikurushia nazi. Mngoje ashuke, umrukie. Kwenye madaraja, samaki wa bati huchupa kutoka chini kwa mpigo usiobadilika: hesabu mchupo mmoja, pita. Mwishoni mwa sehemu ya pili Robotnik anakuja na gari lenye keekee mbele. Usimkabili kwenye keekee. Ruka juu, umshukie kichwani. Mapigo 8 yanammaliza, na mabosi wengi (maadui wakubwa wa mwisho wa eneo) wa mchezo huu ni vivyo hivyo. Karibu na mwisho keekee hufyatuka mbele, basi usimame mbali naye.

6. Chemical Plant: hapa punguza mwendo. Sehemu ya kwanza itakudanganya kwa mabomba na mteremko mzuri. Ya pili ndiyo inayowatoa watu machozi. Utafika mahali pa kupanda juu kwa vitalu vya mraba vinavyosogea, huku kimiminika cha rangi ya waridi kinapanda kutoka chini. Nilipoanza mimi nilipoteza roho zangu zote hapo, siku baada ya siku, mpaka nikagundua kosa langu lilikuwa jepesi: nilikuwa nikiruka kitalu kikiwa kinasogea.

   Fanya hivi. Kaa katikati ya kitalu, usikae ukingoni. Kiache kisogee mara moja nzima ukitazama kinapotulia. Kikitulia, ruka hadi kinachofuata, halafu tulia tena. Ukianguka kwenye kimiminika, usibonyeze ovyo. Humo ndani mwendo ni mzito lakini mruko ni wa juu kuliko kawaida, kwa hiyo ruka ukiwa chini ya ukingo wenyewe. Una takriban nusu dakika, ambayo inatosha kama hujataharuki.

   Bosi wa hapa anakuja na chombo cha kumwaga sumu. Mwepesi, lakini sakafu ya pembeni kulia na kushoto hupinduka. Juma lililopita kijana wa miaka tisa alimpiga pigo la nane kwa ustadi kabisa. Dada yake akapiga makofi. Robotnik anakimbia moshi ukimtoka, na yule kijana kwa furaha akamkimbilia, akakanyaga ubao wa pembeni, ukapinduka, akaenda na shimo. Chumba kizima kilinyamaza. Basi kumbuka: ukishamshinda, baki katikati mpaka sakafu itulie.

7. Maji ya Aquatic Ruin. Njia ya juu ni kavu na ya haraka zaidi, jitahidi usianguke. Ukishaingia majini, sikiliza. Muziki ukibadilika kuwa wa kukutia wasiwasi na namba zikaanza kuhesabu kutoka 5 kwenda chini, pumzi inaisha. Tafuta mahali vipovu vidogo vinapotoka sakafuni, simama juu yake, ungoje povu KUBWA. Vidogo havikusaidii. Ngao haizuii kuzama, na pete vilevile. Bosi yupo kati ya nguzo mbili zinazotema mishale. Mshale ukinasa kwenye nguzo ya pili, unaweza kuukanyaga kama ngazi na kumfikia.

8. Casino Night. Kuna mashine za picha tatu ambazo Sonic huingia na kuzungusha. Mzazi mmoja alinijia kwa heshima akaniuliza kama nawafundisha watoto kamari. Nilimwonyesha kwamba hakuna pesa yoyote, ni pete za mchezo, lakini swali lake nililipokea, na watoto nawaambia wapite. Hata kwa hesabu ya mchezo wenyewe si biashara nzuri: nyuso tatu za Robotnik zikipangika unapoteza hadi pete 100. Pete zilizotapakaa ukutani na hewani zinatosha kukupa roho za ziada.

9. Hill Top hadi Metropolis. Hill Top, usikimbie ardhi inapotetemeka, maana ukuta unaweza kukubana. Mystic Cave sehemu ya pili ina shimo la miiba lenye kuta ndefu. Ukitumbukia hutoki, hata ufanye nini, kwa hiyo usiruke pale usipoona upande wa pili. (Katika toleo la simu la mwaka 2013 waliweka njia chini ya shimo hilo, kuelekea eneo la siri.) Oil Ocean, mafuta yanakuvuta polepole: bonyeza kuruka mara kwa mara utoke. Metropolis ina sehemu tatu badala ya mbili, na ndiyo ngumu kuliko zote. Kuna mdudu anayerusha mundu mbili, na nyota ya bati inayopasuka na kutawanya miiba. Nyota ukiiona inaanza kumeta, rudi nyuma. Tembea. Hakuna anayekuhesabia, ila dakika 10 zile.

10. Zumaridi saba, ukishauzoea mchezo. Ukifika nguzo ya nyota ukiwa na pete 50 au zaidi, nyota ndogo huzunguka juu yake. Ruka ndani haraka kabla hazijatoweka. Utaingia kwenye mfereji mrefu ambamo unakusanya pete na kukwepa mabomu, na kila bomu linakupokonya pete 10. Ukitimiza idadi mara tatu, zumaridi ni lako. Ukirudi, pete zako ni sufuri, lakini pete za njiani zimerudi mahali pake.

    Ushauri wangu hapa ni mmoja: nenda Options (mipangilio, kwenye ukurasa wa mwanzo wa mchezo) uchague Sonic peke yake. Tails anakufuata kwa kuchelewa, wewe umekwepa bomu, yeye analigonga. Zikitimia zote saba, ukiwa na pete 50 na ukaruka, Sonic anageuka wa dhahabu. Haumizwi na adui, ila pete moja inapungua kila sekunde, na shimo bado ni shimo.

11. Death Egg. Baada ya safari ya ndege ya Sky Chase na ngome ya Wing Fortress, unafika mwisho, na humu hakuna pete hata moja. Pigo moja, roho moja. Mabosi ni wawili mfululizo. Wa kwanza ni Sonic wa bati: mrukie akiwa amesimama wima, mkwepe akijikunja, mapigo 8. Wa pili ni roboti kubwa ya Robotnik, mapigo 12, na sehemu ya kupiga ni tumbo. Jihadhari na mikono yake yenye miiba. Ukifa kwa wa pili, unarudi kwa wa kwanza. Ndiyo maana nasema fika hapa na roho nyingi. Kumi si nyingi.

Padi ya pili mpe mdogo wako

Hili nalipenda kuliko yote katika mchezo huu. Mtu wa pili akibonyeza padi yake, anamchukua Tails papo hapo. Tails akifa, anarudi akiruka kwa mikia yake na hakuna roho inayopungua. Pete anazookota zinaingia kwako, na mapigo yake kwa bosi yanahesabika. Maana yake mtoto wa miaka mitano anaweza kukosea mara mia bila kumharibia kaka yake, na bado akasaidia kikwelikweli. Kioo kinamfuata Sonic, kwa hiyo mkubwa usimkimbie mdogo wako akabaki nje ya picha. Mkifika kwa bosi, mwambie yeye ashambulie na wewe ukwepe. Mimi nimeona mabosi wengi wakiangushwa na vidole vidogo namna hiyo.

Ukikwama

*Picha haiji, au inakuja na mistari.* Hapa kwetu hewa ya bahari ina chumvi, na meno ya shaba ya kaseti hupata kutu nyepesi. Zima mashine, toa kaseti, chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti isiyo na mafuta, pangusa meno polepole, acha ikauke kabisa, rudisha. Usiipulize kwa mdomo. Najua wote tulipuliza tukiwa wadogo. Mate yana unyevu, na unyevu ndio unaoleta kutu.

*Sonic anaruka kwa kuchelewa.* TV bapa za siku hizi huichakata picha kabla ya kuionyesha. Tafuta kwenye mipangilio ya TV sehemu ya gemu uiwashe. Kama bado, jaribu TV ya zamani yenye mgongo.

*Mchezo wangu ni wa taratibu kuliko niliouona kwa wengine.* Mashine yako huenda ni ya mfumo wa Ulaya, wa picha 50 kwa sekunde, wakati zile za Marekani na Japani huenda 60. Si ubovu. Kwa anayejifunza ni nafuu kubwa.

*Tails hasikii padi ya pili.* Hakikisha imechomekwa tundu la pili. Na mtoto akikaa bila kubonyeza, mashine inamchukua Tails yenyewe, abonyeze tena.

*Stima imekatika nikiwa Metropolis.* Pole, hili linaumiza. Lakini kuna mlango wa nyuma. Nenda Options, kwenye sehemu ya kujaribu sauti, uzicheze namba hizi kwa mpangilio: 19, 65, 09, 17. Ni tarehe ya kuzaliwa ya Yuji Naka, mmoja wa waliouunda mchezo: 17 Septemba 1965. Ukisikia mlio wa pete, umepatia. Bonyeza Start urudi mwanzo, kisha shikilia A na ubonyeze Start tena. Orodha ya maeneo yote itafunguka. Zumaridi ulizokusanya hazirudi, na roho ni tatu zilezile za kuanzia, lakini unaweza kuchagua Metropolis na kuendelea ulipoachia.